Kubadilisha Klachi ya Pikipiki ya Zamani Nyumbani

Ndugu madereva, mafundi na vijana mnaojifunza kazi, nawashukuru kwa kufika. Tulikubaliana kuzungumzia ubadilishaji wa klachi ya pikipiki ya zamani ukiwa nyumbani, nami nitajikita katika pikipiki zenye injini ya aina ya Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1970 na kuigwa baadaye na viwanda vingi vya China, kwa kuwa ndizo zilizojaa kwenye vijiwe vyetu hapa Mwanza, tangu Buhongwa mpaka Igoma. Ninalotaka mlishike ni kwamba kufungua na kufunga bolti ni sehemu ndogo tu ya kazi hii. Kazi yenyewe ni kutazama na kupima, na mwenye pikipiki aliyetulia, mwenye mwanga mzuri na kitambaa safi, anaweza kuifanya uani kwake vizuri kuliko fundi anayekimbizwa na foleni ya wateja.

Tuanze na jinsi klachi inavyofanya kazi, kwa sababu asiyejua hilo atabadilisha vitu kwa kubahatisha. Ndani ya kava la upande wa kulia kuna hauzingi, yaani kasha la nje linalozungushwa na injini, na katikati yake kuna habu, yaani kitovu kilichoshikamana na shafti inayoingia kwenye giaboksi. Kati ya hivyo viwili zimepangwa pleti kwa zamu: pleti ya msuguano, ambayo masikio yake hukaa kwenye mikato ya hauzingi, kisha pleti ya chuma, ambayo meno yake ya ndani hushika habu. Springi huzibana zote pamoja, nguvu ya injini ikapita hadi kwenye giaboksi. Ukivuta mkono wa klachi, springi hukandamizwa, pleti huachana, na injini huzunguka peke yake. Yote hayo hufanyika ndani ya oili ileile inayolainisha injini, na jambo hilo lina matokeo makubwa ambayo nitayarudia.

Jiji letu ni la vilima na mawe. Dereva anayepandisha abiria wawili Isamilo au Bugando, au anayetoka Mwaloni Kirumba na magunia ya dagaa, akasimama katikati ya mlima kwa sababu ya gari lililo mbele, mara nyingi huishikilia pikipiki kwa kubalansi klachi, yaani kuiachia nusu tu, badala ya kukanyaga breki. Wakati huo pleti zinasuguana bila kushikana wala kuachana, joto linapanda, na utando wa pleti unaliwa. Kubalansi kwa sekunde chache unapoondoka hakuna madhara. Kinachoua klachi ni kuigeuza kuwa breki ya mlimani.

Kabla ya kushika spana, hakikisha kwamba klachi ndiyo yenye kosa. Klachi inayoteleza hujulikana hivi: uko gia ya juu, injini imepata moto, unaongeza mafuta, mlio unapanda lakini mwendo hauongezeki. Klachi isiyoachia ina dalili za kinyume: gia zinaingia kwa kishindo, nyutro haipatikani ukiwa umesimama, na pikipiki inataka kwenda japo umevuta mkono hadi mwisho. Nawasihi sana mpime mchezo wa mkono wa klachi, yaani ule mwendo mtupu kwenye ncha ya mkono kabla waya haujakaza. Kwa pikipiki nyingi ndogo huwa kati ya milimita 10 na 20. Waya ukirefuka, mchezo huongezeka. Pleti zikiisha, mchezo hupungua, kwa sababu pleti zikiwa nyembamba kibonyezeo kilicho ndani husogea nje kuifuata liva ya kwenye kava. Kwa hiyo dereva ambaye pleti zake zinaisha, na ambaye hajawahi kulegeza waya, anaweza kufika mahali ambapo waya wenyewe unaishikilia klachi ikiwa imeachia nusu, akaambiwa anunue pleti wakati kulegeza nati moja kungemwongezea miezi.

Kagua pia oili iliyomo. Pikipiki yenye klachi inayoogelea kwenye oili inahitaji oili iliyoandikwa JASO MA au MA2 nyuma ya chupa, kipimo ambacho Wajapani walikianzisha mwaka 1998 kwa ajili ya injini za namna hii hasa. Oili nyepesi za magari ya kisasa, kama 0W-20 au 5W-30, mara nyingi huwekewa dawa za kupunguza msuguano ili gari litumie petroli kidogo, nazo ndizo hufanya pleti nzima kabisa ziteleze. Ukikuta hivyo, mwaga oili hiyo, weka inayofaa, kisha jaribu tena kabla ya kufungua chochote.

Sasa tufungue. Mwaga oili injini ikiwa vuguvugu, legeza waya, toa mguu wa kiki na chochote kinacholizuia kava. Bolti za kava hazilingani urefu. Chora umbo la kava kwenye kipande cha boksi, toboa matundu, na kila bolti uichomeke mahali pake. Kava likigoma, ligonge taratibu kwa nyundo ya mpira. Asitokee mtu akachomeka bisibisi kati ya nyuso mbili za aluminiamu, kwani mkwaruzo mmoja hapo huvujisha oili mpaka siku injini itakapouzwa chuma chakavu.

Bolti za springi zilegezwe kwa mkingamo, kila moja kidogo kidogo. Baada ya hapo, kwenye injini nyingi za aina hii, utakutana na nati ya duara yenye mikato minne, na hapa ndipo ninapotaka kukaa. Desturi iliyoenea ni kuweka patasi kwenye mkato na kupiga nyundo hadi nati izunguke. Nati hutoka, ni kweli, lakini kila pigo hupita kwenye shafti na kuingia kwenye beringi zake, mikato inakatika, na siku ya kufunga nati hiyo haikazwi sawasawa. Soketi yake yenye meno manne inauzwa, na mchomeleaji yeyote anaweza kuitengeneza kwa kukata bomba la chuma gumu. Nyoosha kwanza ulimi wa washa ya kufungia, weka gia ya juu, mwenzako akanyage breki ya nyuma kwa nguvu, nawe ufungue. Kama ulimi wa washa umepasuka, nunua nyingine. Usiuache hata kama bado unapindika.

Toa pleti moja baada ya nyingine, uzipange juu ya gazeti kwa mpangilio uleule na upande uleule, na upige picha kwa simu. Kisha upime. Pleti mpya ya msuguano ya pikipiki ndogo huwa na unene wa karibu milimita 3. Tuseme una pleti tano na kila moja imepungua milimita 0.3: jumla ni milimita 1.5, na kwa kiasi hicho springi zinapoteza mbano wake. Kwa hiyo springi nazo zipimwe urefu kwa kaliperi na kulinganishwa na kitabu cha pikipiki. Ikiwa hata moja imefupika kupita kiwango, badilisha zote. Pleti za chuma zilaze juu ya kioo, ujaribu kupitisha filagegi, yaani kibati chembamba cha kupimia mwanya, chini yake. Iliyopinda haifai, na iliyogeuka rangi ya bluu imeungua.

Kinachosahaulika mara nyingi ni hauzingi. Pitisha ukucha kwenye kuta za mikato yake. Ukisikia vijishimo vilivyochimbwa na masikio ya pleti, umepata sababu ya klachi kushtuka na kutoachia, na pleti mpya hazitaiondoa, kwa kuwa masikio yatanasa palepale. Vijishimo vidogo husawazishwa kwa tupa laini, chembe zote zikafutwa. Vikiwa vimechimbika sana, hauzingi ibadilishwe.

Pleti mpya zilowekwe kwenye oili usiku kucha kabla ya kufungwa, maana pleti kavu huungua mara ya kwanza tu injini inapowashwa. Gasketi ya zamani, ile karatasi inayozuia oili kuvuja kati ya kava na injini, ikwanguliwe kwa wembe na mkono mwepesi. Silikoni ya kuzibia ninaikataa kwa sababu moja: inayozidi hujikunja ndani, ikakatika, ikaenda kuziba chujio la oili. Bolti za kava za milimita 6 zinatosha kwa mkazo wa takriban nyutoni mita 10.

Oili chafu uitie kwenye dumu na kuipeleka kwa wanaoikusanya. Usiimwage mtaroni: mitaro yetu mingi humwaga Mto Mirongo, na mto huo unaingia ziwani.

Ukishajaza oili mpya, piga kiki mara kadhaa mkono ukiwa umevutwa, ndipo uwashe. Rekebisha mchezo wa mkono injini ikiwa ya baridi, endesha siku chache bila mzigo mzito, kisha upime mchezo tena, kwa sababu pleti mpya zikishakaa vizuri utakuwa umepungua kidogo.