Ramani Moja kwa Saiti Nzima: Kupanga Kazi ya Ujenzi Mtandaoni

Karibuni tena, ndugu zangu wa saiti. Leo tunashughulika na jambo ambalo kila mjenzi analijua: fundi umeme ana ramani yake, fundi bomba ana yake, mhandisi ametuma nyingine kwa barua pepe, na zege linamwagwa kesho asubuhi. Tutazikusanya zote mahali pamoja kwenye wingu, yaani kwenye seva za mtandaoni ambazo kila mtu anazifikia kwa simu au kompyuta yake.

Programu ziko nyingi: Autodesk Construction Cloud, Procore, Trimble Connect, Dalux. Vitufe vinakaa tofauti, hatua zinafanana. Kufungua akaunti na kuupa mradi jina mtaweza wenyewe, turuke.

Haya, folda. Tengeneza nne tu: Inaendelea, Imeshirikishwa, Imeidhinishwa, Kumbukumbu. Mgawanyo huu unatoka kwenye kiwango cha kimataifa cha ISO 19650, kilichoanza kutolewa mwaka 2018. Msanifu anachora ndani ya Inaendelea, na humo wengine hawana haja ya kuchungulia. Akiridhika anaihamishia Imeshirikishwa, ili mhandisi na mafundi wa mabomba na umeme waikague. Ikishapitishwa inaingia Imeidhinishwa. Saiti inajenga kwa kilichomo kwenye Imeidhinishwa peke yake.

Sasa nenda kwenye ruhusa. Mafundi wa saiti wape kuona na kutoa maoni, kufuta wasipewe. Kuhamisha faili kwenda Imeidhinishwa, mpe mtu mmoja au wawili wenye mamlaka ya kupitisha. Mkiwa kumi wenye ruhusa hiyo, hakuna anayewajibika.

Tumefika kwenye jina la faili. Hapa naomba msipeleke video mbele. Naandika S-201, ndiyo namba ya ramani, halafu kistari, halafu Slabu-Ghorofa-2. Basi. Sijaongeza tarehe, sijaongeza neno "mpya", sijaongeza "mwisho". Sababu ni hii: programu nyingi hizi hutambua faili kwa jina lake. Ukipakia faili yenye jina lile lile kwenye folda ile ile, inakaa juu ya ile ya zamani kama toleo jipya, na la zamani linabaki chini yake kwa ajili ya kumbukumbu. Ukibadilisha jina hata kwa herufi moja, unapata faili mbili zilizokaa sambamba, na fundi atafungua yoyote itakayotangulia kuonekana. Nguzo zimepasuliwa na kumwagwa upya kwa sababu ya neno "mwisho" kwenye jina la faili. Jina lisibadilike.

Na namba ya marekebisho je? Hiyo inakaa kwenye sehemu ya taarifa za faili, na kwenye kisanduku cha maelezo kile cha kona ya chini kulia ya ramani. Utaratibu wa Uingereza hutumia P01, P02 kwa ramani ambazo bado zinajadiliwa, na C01 kuendelea kwa zilizokubaliwa kujengewa. Mimi naupenda huu, maana herufi moja inakwambia kama umwage au usubiri.

Napakia C02 juu ya C01, hivi... imeingia. Nachukua tableti tuangalie kama saiti imeipata.

Ngojeni. Mnaona? Kompyuta inasema C02, tableti bado C01. Sijaikata sehemu hii, kwa sababu ndiyo itakayowakuta. Tableti imehifadhi nakala ya ndani na bado haijasawazisha, yaani haijachukua toleo jipya kutoka kwenye wingu. Navuta ukurasa chini... bado. Hapa mtandao ni dhaifu, nasogea dirishani. Sasa inazunguka. Hiyo hapo, C02. Kwa hiyo kabla ya kushuka kwenye ghorofa la chini ya ardhi, ambako mtandao haufiki, sawazisha ukiwa bado juu, kisha usome namba kwa macho yako. Alama ya kijani ya kwamba imesawazishwa isikutoshe. Soma namba iliyo kwenye kona ya ramani.

Tuendelee na migongano. Kwenye ramani hii bomba la maji taka linapita katikati ya boriti. Nagusa pale pale kwenye mchoro na kuweka alama. Naandika: "Bomba la milimita 110 linakutana na boriti, tundu halijachorwa." Naambatisha picha mbili, moja ya karibu na moja ya mbali, kwa sababu picha ya karibu pekee haimwambii mtu ni boriti ipi. Kisha namkabidhi mtu mmoja kwa jina lake na kuweka tarehe ya mwisho. Ukiandika "wahandisi wote", kila mmoja atamngoja mwenzake.

Na ushauri wangu kwa wanaopanga njia: anzeni na maji taka. Yale yanatiririka kwa mteremko, hayapandi. Nyaya za umeme zinapindika, zipishe. Wala fundi asitoboe boriti kwa sababu tu alama imewekwa. Anangoja jibu la mhandisi wa miundo liandikwe papo hapo chini ya alama, ili hata mwakani lionekane nani aliamua nini.

Arifa: zima zile za kila kitu, washa za matoleo mapya na za kazi ulizokabidhiwa wewe. Simu ikilia siku nzima, mtu huacha kuiangalia.

Mwisho, karatasi. Ramani zilizobandikwa ukutani hazijisawazishi. Kila C mpya ikitoka, msimamizi azunguke azibandue za zamani, pamoja na zile mafundi walizokunja mfukoni. Ukichapisha nyingine, iwekee msimbo wa QR unaofungua faili iliyoko kwenye wingu, fundi aupige kwa simu na kulinganisha namba kabla hajakata nondo. Msimbo huo uelekeze kwenye toleo la sasa, usielekeze kwenye toleo ulilochapisha. Jaribu kwa simu yako kwanza. Na jina la faili, jamani, lisibadilike, la sivyo msimbo utaendelea kufungua ile ya zamani.