Ile r Ndani ya Neno Gereza

Ndugu zangu, wengi wenu mmeshanisikia nikililia jambo hili, na leo nalililia tena: neno la kukopa lifuateni kwa sauti kabla ya kulifuata kwa maana. Tuchukue gereza, lililozaliwa na neno la kanisa.

Kilatini kilipata ecclesia kutoka Kigiriki, ambako ekklesia ulikuwa mkutano wa raia. Wakristo wakaliita hivyo kusanyiko lao, baadaye na jengo lenyewe. Watoto wa Kilatini wakarithi kila mmoja kwa mdomo wake: Kifaransa église, Kihispania iglesia, Kiitaliano chiesa, Kireno igreja.

Simameni kwenye hiyo r! Mhispania husema plaza, blanco, obligado. Mreno husema praça, branco, obrigado. Ndiyo tabia ya Kireno, l ikitanguliwa na konsonanti mara nyingi hugeuka r. Sasa litamkeni igreja. Ile j si ya jembe, ni sauti laini ambayo Kiswahili hakina. Mswahili akaweka z. G na r zimegandana, akazitenga kwa e. Irabu ya mwanzo ikadondoka. Gereza! Kihispania kingetuachia l, na chiesa huanza kwa k. Hiyo r ina mlango mmoja tu.

Najua kuna atakayeinuka: kanisa limekuwaje jela? Kila mara naulizwa, na kila mara najibu: nendeni Kilwa Kisiwani, ngome ya pale inaitwa Gereza hadi leo. Wareno walisali ndani ya maboma yao. Ngome ya Yesu, Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, ilikuwa na kanisa ndani, na jina la kanisa likaenea boma zima. Waomani wakaiteka 1698. Waingereza wakaifanya jela tangu 1895 hadi 1958. Jina lilibaki pale pale ukutani. Waliobadilika ni watu wa ndani: waumini, askari, wafungwa. Ukianza na maana, utakana undugu wa maneno haya. Ukianza na sauti, huwezi kuukana.

Muda umekwisha, na Kiromania sijakigusa. Wao husema biserică, kutoka basilica. R yao ilitoka kwenye l iliyokaa kati ya irabu, kwa hiyo msiichanganye na ya Mreno. Mvinyo na kasha nawaachia: vinho, caixa. Anzeni na hiyo x, Mreno huitamka sh.