Kabla ya Kutuma Damu Ng'ambo, Pimeni Figo

Asante, mwenyekiti. Nianze na lile lililowaleta wengi wenu. Ndiyo, kipimo cha damu cha Alzeima, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, kipo. Mei 2025 Marekani iliidhinisha cha kwanza, cha kampuni ya Fujirebio, kwa watu wa miaka 55 kwenda juu ambao tayari wana dalili. Habari ilipotufikia Nairobi kwa WhatsApp, hayo maneno "ambao tayari wana dalili" yalikuwa yameshadondoka njiani.

Kipimo hicho kinalinganisha protini mbili zinazohusishwa na ugonjwa huo, p-tau217 na amiloidi. Zamani ili kuziona ilibidi udungwe sindano ya uti wa mgongo au ulazwe kwenye mashine ya PET inayopiga picha ya ubongo. Kuna utafiti wa Sweden uliochapishwa 2024, watu 1,213 wenye malalamiko ya kusahau: kipimo cha damu cha namna hiyo kilipatia kwa asilimia 91, mabingwa wa ubongo 73, madaktari wa kawaida 61. Nawasomea haya makusudi, msije mkasema daktari huyu anapinga maendeleo. Kazi ni nzuri. Ugomvi wangu ni na karatasi ya majibu inayotembea peke yake bila daktari.

Sasa kile kisa changu. Mlioshawahi kunisikia, vumilieni.

Mama wa miaka sabini na kitu, mweka hazina wa chama chake huko Kayole, alianza kurudia maswali. Kijana wake aliyeko ng'ambo akalipa damu ichukuliwe na kutumwa nje. Majibu yakarudi kwa barua pepe: p-tau217 iko juu. Namba moja, kwa rangi nyekundu. Maabara iliyopokea pesa, ambayo sitaitaja, haikuuliza hata kama ana presha. Kufikia Jumapili kikao cha familia kimeshakaa. Simu yenye M-Pesa amenyang'anywa, daftari la chama limepewa mwingine, na shamba la Murang'a linajadiliwa mwenyewe akiwa ameketi pale pale, anawapakulia chai.

Waliponiletea, kijana kwenye simu alitaka tuzungumze dawa mpya. Nikamwomba mama avue viatu. Soksi iliposhuka, alama ya mpira ilikuwa imezama kwenye mguu kama kidole kwenye unga uliokandwa. Tukapima kreatinini: figo zilikuwa zimechoka kitambo. Figo zikidhoofika, p-tau hupanda kwenye damu hata kwa mtu asiye na Alzeima. Tukapima na homoni ya thairoidi, tezi ya shingoni, ikawa chini mno, na hilo peke yake humfanya mtu awe mzito wa kukumbuka. Alipoanza vidonge, baada ya miezi kadhaa maswali yalipungua. Sikumwambia mtu kwamba amepona, bado tunamfuatilia. Lakini daftari alilidai, na akalipata, na kwanza alikuta hesabu za yule mwingine hazilingani.

Najua kuna anayesema moyoni, "Daktari, mimi sina dalili, nataka tu kujua mapema." Haya, tupige hesabu. Tuchukue watu 1,000 wasio na dalili, na tuseme 50 kati yao wana ugonjwa. Kipimo kikipatia 90 kwa kila 100 pande zote mbili, kitawakamata 45, na kitawatisha bure wengine 95. Katika kila watatu watakaolia, wawili wanalia bure. Na hao 45 utawapa nini? Zile dawa mpya, lecanemab na donanemab, ni za wenye ugonjwa ulioanza kujionyesha, hupunguza kasi tu, na zinadai picha za ubongo za MRI mara kwa mara kwa sababu ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu. Kama SHA, bima yetu ya afya ya serikali, inalipa, msiniulize, tutalala hapa.

Mwenyekiti ananionyesha saa, basi haraka haraka. Kufuatilia ugonjwa: p-tau217 hushuka mgonjwa akitumia dawa hizo, ila namba kushuka si sawa na mama kukumbuka njia ya kwenda sokoni, muulizeni anayeishi naye. Kuna protini nyingine ya damu, NfL, nayo hupanda neva zikiumia kwa sababu yoyote ile: kiharusi, virusi vya Ukimwi, hata mtu wa bodaboda aliyegonga kichwa juzi. Namna ya kuhifadhi damu pia nilitaka kuigusa, kwa sababu amiloidi huharibika chupa ikikaa nje kwa saa nyingi kabla ya kuzungushwa kwenye mashine na kugandishwa, na stima zetu mnazijua.

Kwa hiyo mzazi akianza kusahau, kwanza mpeleke yeye mwenyewe, mwili mzima, na mfuko wa dawa zote anazomeza. Presha, sukari, figo, thairoidi, vitamini B12, Ukimwi, kaswende, masikio, na kama ana huzuni ya kufiwa. Vingi kati ya hivyo vinapimwa hapa hapa mjini. Kikibaki kitendawili baada ya hapo, njooni tuzungumze p-tau.

Maswali. Yule mama wa kitenge pale nyuma, umeinua mkono tangu nizungumzie shamba.