Fundi cherehani: wateja wakuletee wateja kwa WhatsApp na Instagram

Karibu mtazamaji. Video hii ni ya fundi wa nguo za kike, mwenye cherehani mbili tatu mtaani, anayetaka oda za sare za harusi na send-off. Anayeoka keki au kusuka nywele naye afuate tu, hatua ni zilezile. Andaa simu, laini ya kazi, daftari na kalamu. Daftari usilidharau, tutalirudia.

Hatua ya kwanza. Pakua WhatsApp Business, ni ya bure. Namba moja haiwezi kukaa WhatsApp ya kawaida na ya Business kwa pamoja, kwa hiyo amua sasa. Kama wateja wako wameshaizoea namba ya zamani, hamisha hiyohiyo. Ukitangaza namba mpya, wengi watasema "sawa" na hawataisevu. Usitumie zile WhatsApp za kuchakachua kama GB, maana akaunti inaweza kufungwa na wateja wote wakapotea nayo.

Ukishaingia, jaza wasifu: jina la biashara, saa za kazi, na mahali ulipo kwa alama ambayo hata bodaboda anaijua. "Magomeni" peke yake haimfikishi mtu. Kisha nenda Mipangilio, halafu Akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili, weka namba ya siri ya tarakimu 6. Msimbo unaokuja kwa SMS usimpe mtu yeyote, hata akijiita mhudumu wa WhatsApp.

Hatua ya pili ndiyo mafundi wengi wanairuka, kisha wanalalamika kwamba stetasi zao hazina watazamaji. Stetasi inaonekana kama wewe umemsevu mteja na yeye amekusevu. Orodha ya kutuma tangazo kwa wengi nayo inachukua watu 256, lakini ujumbe unamfikia tu aliyekusevu. Hivyo, mteja akija kupimwa, kabla hujashika tepu mwambie: "Dada, nitumie ujumbe hapo, nisevu kabisa." Subiri aguse kitufe mbele yako. Wewe msevu kwa jina, mtaa na kazi yake, mfano "Mama Asha Tabata sare Juni". Baada ya miezi sita jina "Asha" tupu halitakukumbusha kitu.

Unataka kujua nani hajakusevu? Tuma tangazo, subiri siku mbili, ubonyeze ujumbe kwa muda mrefu na ufungue taarifa zake. Ambaye jina lake halipo kwa waliofikiwa, huenda simu yake imezimwa au hajakusevu. Mpigie. Ila usitume matangazo kila siku: watu wakichoka wanakublock au wanakuripoti, na namba inayoripotiwa sana hufungiwa. Mara mbili kwa mwezi inatosha.

Hatua ya tatu: mpe mteja kitu cha kutuma. Shoga yake akimuuliza "gauni umeshona wapi?", hana muda wa kueleza njia. Anatafuta picha kwenye simu. Kwa hiyo siku ya kuchukua nguo, akiwa ameivaa, mpige picha nje kivulini, si chini ya taa ya dukani. Futa lenzi kwanza kwa kitambaa laini. Usiweke filta, inabadilisha rangi ya kitenge na mteja ajaye atadai umemdanganya. Mtumie picha hiyohiyo na maneno mafupi chini yake: aina ya mshono, bei ya ufundi bila kitambaa, siku za kushona, na linki yako ya WhatsApp. Ukitaka kuiposti mwenyewe, muombe ruhusa kwa ujumbe, si kwa mdomo, ili jibu libaki. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, kuna bibi harusi asiyetaka gauni lake lionekane kabla ya siku yenyewe.

Linki inatengenezwaje? Tazama kwenye kioo:

wa.me/2557XXXXXXXX?text=Nimetoka%20saluni

Anza na 255, kisha namba yako bila sifuri ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha. Kosa la kila siku ni kuandika 25507, linki inafunguka lakini haimpati mtu. Baada ya alama ya sawasawa unaandika maneno yatakayojitokeza mteja akibonyeza. Penye nafasi weka alama ya asilimia na 20.

Uzuri wake uko hapa. Sare ya harusi haitembei peke yake: kuna muuza vitenge, mpambaji wa bibi harusi, mpiga picha, mshereheshaji. Chagua wanne ambao kazi yao umeiona kwa macho, na kila mmoja mpe linki yenye maneno tofauti: "Nimetoka saluni", "Nimetoka duka la vitenge". Mteja akiandika, unajua papo hapo ameletwa na nani. Nawe waelekeze wateja wako kwao, kwani mshirika asiyepata kitu hukuchoka mapema.

Kuhusu asante. Mwekee mleta mteja kitu kinachojulikana, kwa mfano kubana au kupunguza urefu wa nguo moja bure, au shilingi 3,000 kwa mshono wa 35,000. Mleta mteja mpe asante hiyo pale mteja mpya akishamaliza malipo na kuchukua nguo, si akiuliza bei. Ukilipa mapema utaletewa waulizaji tu. Wakidai wawili mteja mmoja, jina alilolitaja mteja mwenyewe kwanza ndilo linalolipwa. Waambie hivyo tangu mwanzo, la sivyo mtagombana.

Instagram nitaipitia haraka. Unapoposti picha ya harusi, kwenye sehemu ya kutag watu mwalike mpiga picha na mpambaji kama washirika wa posti. Wakikubali, posti moja inaonekana kwenye kurasa zenu zote, na wafuasi wao wanakuona.

Sasa daftari. Chora safu nne: tarehe, mteja, ametoka wapi, amelipa kiasi gani. Jumamosi ya mwisho ya mwezi jumlisha kwa kila mshirika. Anayeleta watu kumi wa kuuliza bei na hakuna aliyeshona, huenda anawaambia bei isiyo yako, kwa hiyo mtumie bei upya kwa maandishi. Akiendelea hivyo miezi miwili, linki yake mpe mwingine.