Mizani Huhesabiwa kwa Sikio

Ndugu wasikilizaji, tuanze na ubeti wenyewe, uliotungwa kwa ajili ya zoezi la leo:

Mvuvi katoka pwani, kapuni hamna kitu,
Ashika njia nyumbani, hasalimu hata mtu,
Mkewe yu mlangoni, amengoja saa tatu,
Bahari haina deni, leo na kesho si zetu.

Mishororo minne, basi ni tarbia. Koma inaukata kila mshororo vipande viwili, ukwapi ndicho cha kwanza na utao cha pili. Hayo jicho linayaona. Mizani, yaani idadi ya silabi, inataka sikio, na hapo ndipo wengi wanapokwama.

Shika utao wa kwanza: ka-pu-ni ha-m-na ki-tu, 8. Anayesoma "ham-na" anapata 7, kisha anaandika kwamba ubeti ni guni, yaani una kasoro ya mizani, kumbe guni ni hesabu yake! M ile inasimama peke yake. Shuka sasa kwenye "nyumbani". M ipo pia, ila imeshikana na b: nyu-mba-ni, 3. Ukiitenga, ukwapi unafika 9.

Ngeli nayo huamua. "Mtu mbaya" ni m-ba-ya, 3. "Njia mbaya" ni mba-ya, 2. Mbuni ndege ana mizani 2, mbuni mti wa kahawa una 3. Herufi zilezile. Ukiwa na shaka, tamka polepole huku ukipiga kofi kila silabi, na uhesabu mishororo yote. Kuhesabu mmoja na kuukisia ubeti mzima ni uvivu tu.

Mbona "katoka"? Jaribu "ametoka": m-vu-vi a-me-to-ka pwa-ni, 9. Mshairi amefupisha, ndiyo inkisari. Ukiitaja, eleza imeokoa mizani ipi, la sivyo umetaja jina tu.

Vina, yaani silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande, ni vyepesi: -ni kati, -tu mwisho, mishororo yote minne. Lakini usikimbilie kuliita shairi mtiririko kwa ubeti mmoja. Soma beti zote. Vina vyote viwili visipobadilika hadi mwisho, ni mtiririko. Vikibadilika kila ubeti, ukaraguni. Kimoja kikidumu na kingine kikigeuka, ukara. Vivyo hivyo mshororo wa nne: hapa ni kituo, ukirudiwa katika kila ubeti, ndipo unapoitwa kibwagizo.