Shahada Imeshuka Bei, Kuikosa Kumepanda

(Mhadhara uliotolewa Tabora mbele ya wanafunzi wa vyuo, wazazi na walimu)

Mwangaluka! Naona walioitikia ni wazazi. Nyie wanangu wa vyuo bado mna usingizi, nitawaamsha.

Wakati naingia, mzee mmoja amenishika mkono pale mlangoni. Ana ng'ombe wawili. Mjukuu wake kamaliza kidato cha sita, kapata nafasi chuo kikuu, na mkopo wa Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu kapata nusunusu. Akaniuliza, "Mwalimu, niuze?" Nimemwomba anisubiri nimalize kuzungumza. Yupo pale, safu ya pili, na ananikazia macho.

Wote hapa mnalijua embe la Tabora. Desemba ukipita barabarani limejaa chini, watoto wanalirushiana. Utamu ni uleule wa Oktoba, lakini ndoo nzima utaipata kwa bei ya kuona haya. Na shahada, ukiniuliza mimi, kwa sehemu kubwa imepatwa na mambo ya embe. Oktoba mwaka 1961, Chuo Kikuu kilipoanza Dar es Salaam katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, wanafunzi walikuwa 13, wote wa sheria. Kumi na tatu! Harusi ya maskini ina watu zaidi ya hao. Hata Mwalimu Nyerere, alipokuwa akifundisha St. Mary's hapahapa mjini, alikuwa na stashahada ya Makerere tu. Shahada aliifuata Edinburgh mwaka 1949. Enzi hizo kazi ndiyo iliyomtafuta msomi.

Kisha milango ikafunguka. Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kilianza mwaka 2007, vyuo vya dini na vya binafsi vikaenea hadi mikoani, na sheria ya Bodi ya Mikopo ya mwaka 2004 ikamwezesha mtoto wa mkulima wa Sikonge kufika mahali ambapo baba yake hakuwahi kufika hata kwa kupotea njia. Sitasimama hapa nilie kwamba wahitimu wamezidi. Nawajua wanaosema redioni kwamba chuo ni kupoteza muda. Waulizeni watoto wao wako wapi.

Lakini niwasimulie jambo. Miaka kadhaa nyuma niliitwa kukaa kwenye meza ya usaili ya taasisi moja, jina lake nitabaki nalo. Nafasi ilikuwa moja, ya masijala: kupokea barua, kuzisajili, kufungua mafaili, kujua faili lipi limetoka na liko mezani kwa nani. Bahasha za kaki za maombi ya kazi zilijaa masanduku mawili. Hatukuwa na siku za kuzisoma zote, basi mwenzetu mmoja akatoa wazo: asiye na shahada awekwe kando. Tukakubali, na mimi nikiwemo. Sanduku moja likaondoka bila kufunguliwa vizuri.

Ndani ya sanduku lile alikuwemo binti mwenye stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu, mtu aliyefundishwa kazi ileile, na fildi yake, yaani mazoezi ya kazi, kaifanya masijala ya halmashauri. Tulimchukua kijana mwenye shahada ya sosholojia. Msinielewe vibaya, mimi mwenyewe nimesoma sosholojia. Kijana alikuwa na akili na adabu, ila masijala hakuijua na wala hakuipenda, alikuwa anasubiri mkeka mwingine, orodha ya walioitwa kazini, utoke aondoke. Baada ya miezi michache faili la kiwanja cha taasisi likatafutwa wiki nzima. Likaja kuonekana chini ya kopo la chai.

Tazameni basi tulichofanya. Kazi haikubadilika hata kidogo, barua zilikuwa barua. Tulichobadilisha ni kimo cha mlango, kwa sababu watu walikuwa wengi na sisi wavivu. Ndiyo maana nasema shahada imeshuka bei, na kuikosa kumepanda. Mwenye nayo hana uhakika wa kuingia, na asiye nayo hafiki hata kwenye kizingiti. Kwa hiyo kila mzazi anamsukuma mwanawe aende akaipate, wanazidi kuwa wengi, na mlango unazidi kuinuliwa. Siku hizi kuna wanaorudi kusoma shahada ya pili kwa sababu ya kwanza haikuwatoa, na ada wanalipa kwa hela ya bodaboda.

Mchumi Mmarekani Michael Spence aliliandika hili mwaka 1973, na mwaka 2001 akapewa Nobeli pamoja na wenzake wawili. Kwa ufupi alisema hivi: mwajiri haoni kilichomo ndani ya mwombaji, basi anatazama ishara. Shahada ni ishara kwamba huyu alivumilia, alifaulu, anafundishika. Sasa ishara ikivaliwa na kila mtu inamtambulisha nani? Mwajiri anatafuta nyingine: GPA, yaani wastani wa alama zake, jina la chuo, Kiingereza cha mwombaji, na hapa kwetu, msinune, mjomba wake ni nani.

Hata hivyo karatasi hii haijafa. Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki iliyotaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Vingi vilikuwa vya sekondari, lakini funzo ni lilelile. Hakuna anayeghushi noti isiyonunua kitu.

Kuna waliojaribu kuushusha mlango. Jimbo la Maryland, Marekani, mwaka 2022 liliondoa sharti la shahada kwenye maelfu ya kazi za serikali ya jimbo. Kwetu ni kugumu zaidi, maana ngazi ya mshahara serikalini hufuata cheti: ukiingia na shahada unaanzia TGS D, ukiingia na cheti cha chini unaanzia chini, hata kama mnashika kalamu moja. Mpaka hilo liguswe, kumwambia mtoto "ujuzi ndio kila kitu" ni kumdanganya nusu.

Tusizichanganye shahada zote kapu moja pia. Hakuna daktari wa njia ya mkato. Wa sheria shahada haimtoshi, anakwenda Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo. Wa uhasibu anahangaika na mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu. Walimu ndio wanaoniuma zaidi. Zamani mwalimu alihitimu, akapangiwa kituo, akabeba godoro lake. Sasa naye anaingia usaili kama wengine, na wapo waliokaa nyumbani mpaka wanafunzi wao wa fildi wakahitimu. Akipata kazi, kama alisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi.

Na hapa Tabora penyewe? Reli ya kisasa inajengwa kupita kwetu, Chuo cha Reli tunacho, Chuo cha Nyuki tunacho. Kule Urambo na Kaliua vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima wa tumbaku vinahitaji mtu wa kufunga hesabu asiyetoroka na fedha za msimu. Nilimuuliza mwenyekiti wa chama kimoja anatafuta mtu mwenye shahada gani. Akacheka. Akasema nitafutie anayejua mzani.

Sasa mzee wangu, saa yako imefika. Nilikuuliza mjukuu anakwenda kusoma nini. Hukujua. Ulijua jina la chuo tu. Basi naomba leo jioni umkalishe. Akutajie kozi, na watu watatu walioisoma hiyo kozi wako wapi sasa hivi, wanafanya nini. Akishindwa kuwapata, aahirishe mwaka, akakae chuo cha ufundi au kwenye chama cha msingi, mlango wa chuo kikuu haukimbii.

(Mzee akauliza kutoka kwenye safu: "Na kama atang'ang'ania tu?")

Basi uza ng'ombe mmoja, baba. Huyo mwingine mfiche, atamhitaji akirudi na bahasha.