Kijana wa basketi aliyewasimamisha watu miaka mia

Asanteni jamani, nyie wa mlangoni ingieni, viti vipo. Nawajua watu wa Moshi, Simba na Yanga wakicheza vibanda umiza vya Majengo havina pa kuweka mguu, ila timu ya chuo ikicheza uwanjani yupo kocha, watu wa akiba na mbuzi wawili wanakula nyasi. Sasa Marekani kuna chuo kinaitwa Texas A&M, uwanja wao Kyle Field unaingiza watu zaidi ya 100,000, wa chuo hao, sisi Uwanja wa Mkapa 60,000 tunaringa nchi nzima.

Mpira wao ni ule wa kofia ngumu na kubeba mkononi, tusibishane kama ni mpira au siyo. Walianza 1894, chuo kikiwa cha kilimo na ufundi, wanafunzi wanaume watupu na wanapigishwa kwata kama jeshini.

Sasa sikilizeni hii. Januari 2, 1922, wako Dallas wanacheza na Centre College, timu tishio kweli enzi hizo, wachezaji wa A&M wanaumia huyu anatoka yule anatoka, kocha Dana X. Bible akigeuka kwenye benchi anaona watu wanamuishia. Akamkumbuka dogo mmoja, E. King Gill, kaacha mpira kahamia basketi, siku hiyo yuko juu kwa waandishi wa habari anawatajia nani ni nani. Akaitwa. Akashuka mpaka chini ya jukwaa, akavaa jezi ya mwenzake aliyeumia, akaja kusimama pembeni ya uwanja mpaka mechi inaisha, A&M wakashinda 22-14 na yeye hakuingia hata dakika moja!

Ndo maana mpaka leo wanafunzi wa pale hawakai, mechi nzima wamesimama, masaa matatu na jua la Texas, eti kocha akiwahitaji wako tayari. Nyie mnaosema shabiki ni mchezaji wa 12, wenzenu jina hilo walilisajili kisheria 1990, na 2006 wakawapeleka mahakamani Seattle Seahawks, timu ya kulipwa ya mpira huohuo, wakaishia kukubaliana walipie kulitumia. Kuna na mbwa wao Reveille, ndo nembo hai ya chuo, wanafunzi wanasema akibweka darasani kipindi kimeisha, hiyo najua mngeipenda.

Ila siyo kila mila ni ya kung'ang'ania. Walikuwa na moto mkubwa wa magogo kabla ya mechi na watani wao, chuo cha Texas kule Austin, wanafunzi wenyewe wanakata miti, wenyewe wanapanga, na kila kizazi kinataka kionekane. Novemba 18, 1999, alfajiri bado, rundo likaanguka wakiwa juu wanajenga, wakafa 12. Chuo kikasitisha, na mimi naona walichelewa.

Kusimama tu hakuui mtu, Jumamosi timu ya chuo ikicheza jaribuni. Haya maswali, dada mwenye skafu nyekundu anza wewe.